Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda: Pikipiki Mpya ya Deni au Kuukuu Iliyolipiwa?



Wasomaji wetu wapenzi, safu ya leo inaelekea Garissa, mji ulioko ukingoni mwa mto Tana, ambako jamaa zetu wengi wa Lamu, Tana River na Mombasa wana ndugu, wakwe na biashara. Suala lenyewe ni la nyumba nyingi za huko, na za huku kwetu pia. Kijana amemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, na familia imekubaliana anunuliwe pikipiki afanye bodaboda. Mama ana akiba yake: fedha za mbuzi waliouzwa sokoni, au zamu yake ya ayuto, au bangili alizopewa siku ya ndoa. Kijana anataka pikipiki mpya kwa mpango wa lipa mdogo mdogo. Mama anaitazama pikipiki kuukuu ya jirani, inayoweza kulipwa leo na ikawa yao moja kwa moja. Ni yupi kati yao aliyeona mbali?

Wazee wetu walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii haisemi kwamba kila kipya ni kibaya; inatuonya kwamba raha ya upya hutufanya tusiulize maswali. Basi na tuyaulize leo, tena kwa utaratibu, kwa kuwa fedha zinazozungumzwa hapa aghalabu ni akiba ya mwanamke, na ikipotea hairudi kwa wepesi.

Kila moja na sifa yake

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na tangu hapo zikaenea mijini na vijijini. Nyingi tunazoziona hutoka India, nazo ni Bajaj Boxer na TVS. Ni vyombo vya injini ndogo inayopozwa kwa upepo, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua chini ya mti na kuifunga tena kabla ya adhuhuri.

Pikipiki mpya ina fadhila zake. Injini haijaliwa, dhamana ya muuzaji ipo kwa muda fulani, na historia yake inaanza na mwanao. Mara nyingi huwaka kwa kitufe, na baadhi huja na ringi za kumiminwa na tairi zisizo na tyubu. Kijana anayepeleka mizigo Dadaab, safari ya kilomita 100 hivi yenye vipande virefu visivyo na makazi, ana sababu ya haki ya kutaka chombo kisichomwangusha njiani.

Kuukuu nayo si takataka. Spea zake zinajulikana na zinapatikana, mafundi wameizoea, na bei yake imekwisha kushuka, kwa hiyo atakayeiuza tena hapotezi kiasi kikubwa. Ringi zake za spoku zikipindika kwenye mawe hunyooshwa. Ringi ya kumiminwa ikipata ufa hutupwa. Betri ikichoka kwa joto la Garissa, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, ile inayowashwa kwa teke bado itaondoka.

Hata hivyo, mchanga wa Garissa hauchagui mpya wala kuukuu. Vumbi likipita kwenye kichujio cha hewa huingia katika silinda na kusugua ringi za pistoni kama msasa. Kijana asiyekisafisha kichujio kila wiki na kubadilisha oili kwa wakati ataifanya pikipiki mpya kuwa kuukuu kabla deni halijaisha. Kwa hiyo swali la kwanza la mama lisiwe umri wa pikipiki, bali tabia ya atakayeitunza.

Hesabu ya siku na hesabu ya msimu

Tupige hesabu ya mfano, na kila familia iweke bei za mji wake. Tuseme pikipiki mpya kwa taslimu ni shilingi 190,000. Kwa lipa mdogo mdogo, tuseme unatoa 30,000 kwanza, kisha 450 kila siku kwa siku 540. Malipo ya kila siku yatafika 243,000, na jumla itakuwa 273,000. Zimeongezeka 83,000 juu ya bei ya taslimu.

Sasa tuseme kuukuu nzuri ni 100,000, na fundi anahitaji 20,000 kuirekebisha. Imesimama kwa 120,000. Kijana akiweka kando zile 450 ambazo angelipa deni, 150 ziwe za matengenezo na 300 ziwe akiba. Tuondoe siku 90 za mvua, ugonjwa na msiba; zimebaki siku 450, na akiba ni 135,000. Akiiuza pikipiki yenyewe kwa 60,000 atakuwa na 195,000, naye ataweza kununua mpya kwa taslimu.

Tuwe waadilifu katika mizani. Katika njia ya kwanza mama alitoa 30,000 tu, na zile 90,000 nyingine zilibaki mkononi mwake. Mambo yakienda sawa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, njia mbili hizi hazipitani sana. Tofauti yake iko katika zile siku 90. Mwenye pikipiki yake akikosa kazi siku hizo amekosa faida. Mwenye deni akikosa kazi siku hizo huenda akakosa pikipiki, kwa sababu mikataba mingi ya namna hii humpa mkopeshaji haki ya kuichukua malipo yanapokatika, na aliyekwisha kulipa mwaka mzima akarudi nyumbani kwa miguu.

Je, siku hizo ni nadra? Watu wa Garissa wanaujua mwaka wao. Kuna Jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, ambapo mifugo hukonda, soko hupoa na abiria huhesabu shilingi. Kuna Gu na Deyr, misimu ya mvua, ambapo njia za udongo za kuelekea Balambala au Masalani hugeuka tope. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Niño yaliikata barabara ya Garissa na Nairobi upande wa Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua. Katika mwezi wa Ramadhani, mchana abiria hupungua, na kazi husogea baada ya futari.

Tena kuna mambo yasiyo ya msimu. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Baada ya hapo serikali ilipiga marufuku watu kutoka usiku, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi, katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mnamo Machi 27, 2020 ikaja marufuku ya usiku ya nchi nzima kwa sababu ya korona. Katika siku kama hizo bodaboda hulala mapema, lakini deni la kila siku halilali. Riziki ya huko hupanda na kushuka pamoja na mvua na amani, na mkataba wa malipo sawa kila siku haukuandikwa kwa ajili ya riziki ya namna hiyo.

Riba na bei ya muda

Kwetu sisi kuna swali jingine lililo kubwa kuliko hesabu. Je, ile 83,000 ni nini? Wako wanaodhani kila nyongeza katika malipo ya muda ni riba, na wako wanaodhani kila kinachoitwa cha Kiislamu kimetakasika kwa jina. Wote wawili wamefanya haraka.

Mafakihi walio wengi wameruhusu muuzaji kuuza kitu chake kwa bei ya muda iliyo juu ya bei ya taslimu, maadamu bei ni moja, imejulikana na imekubaliwa kabla ya kuachana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilipitisha hivyo katika kikao chake cha sita mwaka 1990, na papo hapo likakataza kumtoza mdaiwa nyongeza kwa sababu ya kuchelewa. Ama kukopeshwa fedha ili zirudishwe na ziada, hiyo ndiyo riba iliyoharamishwa, hata kama mkopeshaji hakukupa noti mkononi bali alimlipa mwenye duka kwa niaba yako.

Basi kabla ya kutia saini, mama, uliza maswali manne. La kwanza: anayeniuzia ameimiliki pikipiki hii kwanza, au ananikopesha fedha tu? La pili: bei yote hadi mwisho ni shilingi ngapi, na je, inaweza kubadilika? La tatu: nikichelewa wiki mbili, deni linaongezeka? La nne: mkichukua pikipiki nikiwa nimelipa nusu, fedha zangu zinahesabiwaje? Anayekwepa swali lolote katika haya amekwisha kukujibu.

Kenya ina benki zinazofuata sharia tangu 2008, mwaka ambao Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango. Hii ya pili sasa inaitwa Premier Bank. Zina njia ya murabaha, ambapo benki hununua kitu, hukimiliki, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Ni haki yako kwenda kuuliza kama wanaweza kukununulia pikipiki kwa njia hiyo na kwa masharti gani. Maswali yale manne yaulize huko pia, wala usione haya. Na panapokuwa na utata katika mkataba, upelekwe kwa sheikh unayemwamini auone kwa macho yake, asisimuliwe tu.

Ikiwa ni kuukuu, ipimwe

Kununua kuukuu bila kuikagua ni kuhama kutoka hatari moja hadi nyingine. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimtaka muuzaji abainishe kasoro za bidhaa, na fiqhi yetu inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kilichofichwa kasoro. Lakini haki hiyo ni ngumu kuidai muuzaji akishahamia Wajir. Ni bora kuangalia kwanza.

Nenda na fundi asiyemjua muuzaji, tena asubuhi. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa imekwisha kupata moto, huenda aliyeiwasha anaficha uzito wake wa kuwaka. Ikiwaka, tazama moshi. Moshi wa buluu usiokoma maana yake injini inakula oili, na ringi za pistoni zimekwisha. Tazama meno ya sproketi ya nyuma: yakichongoka na kulala upande kama ndoana, mnyororo na sproketi vyote vinahitaji kubadilishwa. Gurudumu la mbele liinuliwe na usukani ugeuzwe taratibu. Ukikwama au ukicheza, beringi zimechoka. Springi za mbele zisivuje mafuta. Fremu ipapaswe shingoni, karibu na usukani: alama za kuchomelewa hapo zinaeleza ajali ambayo hukuambiwa. Fungua kichujio cha hewa; kikijaa mchanga, umeijua tabia ya mwenyewe. Wala usiisadiki mita ya kilomita kuliko mpira wa pedali: mita huharibika na hubadilishwa, lakini mpira uliolika umelikwa na miguu.

Karatasi kabla ya fedha

Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, kisha zilinganishwe na kitabu cha umiliki. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, inaruhusu kutafuta rekodi ya chombo mtandaoni kwa ada ndogo. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata arubuni. Jina la kampuni ya mikopo likiwa bado liko kwenye rekodi, pikipiki hiyo ina deni, na anayekuuzia hana mamlaka kamili juu yake. Pikipiki isiyo na usajili, hata ikiwa nusu ya bei, ni mzigo; itakamatwa katika kizuizi cha kwanza cha barabarani, na katika kaunti za mpakani vizuizi ni vingi.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tusiisome msikitini na kuiacha sokoni. Mauzo yaandikwe, mashahidi watie saini, fedha zilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na sehemu ya mwisho itolewe jina likishahamishwa. Na mama aliyetoa akiba yake asione tabu jina lake kuwa kwenye kitabu hicho. Kuandika hakuvunji mapenzi baina ya mama na mwana. Kunayalinda siku ndugu wengine watakapouliza ni mali ya nani.

Vilevile mapatano ya nyumbani yaandikwe: nani atalipia matengenezo, fungu gani ni la kijana na lipi ni la kumrudishia mama mtaji wake. Kijana apate leseni na bima kabla ya abiria wa kwanza. Wanaotaka bima isiyo na shaka ya riba waulizie takaful. Takaful Insurance of Africa imekuwa ikifanya kazi Kenya tangu 2011.

Abiria ni mama zetu

Bodaboda ndiyo inayotufikisha kliniki, sokoni na madrasa. Ndiyo wakati mwingine inayompeleka mja mzito hospitali ya rufaa usiku wa manane. Kwa hiyo uchaguzi wa pikipiki unatuhusu hata sisi tusioinunua.

Buibui na jilbabu vina hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji: pindo likiingia kwenye mnyororo au spoku za nyuma, humvuta mvaaji chini. India, zinakotengenezwa pikipiki hizi, sheria inataka kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe, na ilitungwa katika nchi ambayo wanawake wengi huvaa sari. Katika pikipiki nyingi kuukuu kinga hiyo na kifuniko cha mnyororo vimeng'olewa ili kupata nafasi ya mizigo. Fundi avirudishe kabla ya kazi kuanza. Breki, taa na tairi navyo visiachwe hadi fedha zipatikane. Na sheria ya Kenya inajulikana: abiria mmoja, na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria wake. Mama anayenunua pikipiki anunue na helmeti mbili siku hiyo hiyo.

Basi ichukuliwe ipi?

Kwa kijana anayeanza, atakayefanya kazi ndani ya mji ambako fundi yuko karibu, tunaona kuukuu iliyokaguliwa, yenye karatasi safi na iliyolipiwa yote, ina heri kuliko mpya iliyofungwa kwa deni la kila siku. Itamfundisha kazi, itamfundisha utunzaji, na siku mto utakapofurika haitachukuliwa na mtu. Kwa anayekwenda masafa, au familia ambayo haikuipata kuukuu ya kuaminika, mpya ni bora, maadamu imenunuliwa kwa taslimu au kwa bei ya muda iliyo halali na wazi. Na panapokuwa na kuukuu mbovu upande mmoja na deni la riba upande mwingine, kuna njia ya tatu ambayo vijana huisahau, nayo ni kungoja.

Wanawake wa Garissa wana ayuto, wengine wakiita hagbad, kama sisi tulivyo na michezo yetu ya kupeana kwa zamu. Wanawake 12 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 120,000, bila riba na bila kizuizi cha mkopeshaji. Aliye na haja huombewa na wenzake zamu ya mapema. Fedha hizo zimekwisha kufungua maduka na kusomesha watoto, na haziwezi kushindwa na pikipiki moja. Kijana anayeshindwa kungoja miezi sita zamu ya mama yake ifike, atawezaje kulipa siku 540 bila kukosa?

Ama zile bangili, mwanamke ana haki nazo kisheria, na hapana mume wala mwana awezaye kumlazimisha kuziuza. Akiziuza kwa ridhaa yake, iwe baada ya kuiona pikipiki kwa macho, kuzisoma karatasi na kuujua mkataba. Wema wa mama haupungui kwa kuuliza.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali, awalinde barabarani, na azibariki akiba za mama zetu. Wallahu a'lam.